Kabla ya Jiwe la Urembo: Fremu ya Ukuta na Mawe ya Kubandika katika Nyumba za Njoro

Mawe ya kubandika ni vipande vyembamba vya jiwe, aghalabu vyenye unene wa milimita 15 hadi 50, ambavyo hupachikwa kwenye ukuta wa nje ili nyumba ionekane kana kwamba imejengwa kwa mawe matupu, ilhali kinachoibeba nyumba hiyo ni kitu kingine kilichofichika nyuma yake. Kitu hicho huweza kuwa ukuta wa mawe ya machimbo, matofali, zege au fremu ya mbao, na tofauti baina ya viegemeo hivyo ndiyo huamua iwapo urembo utadumu kwa miongo kadhaa au utaanza kubanduka baada ya misimu michache ya mvua. Mwenye nyumba huyatazama mawe, huyachagua kwa rangi na kuyalipia, lakini usalama wake hutegemea kazi ambayo hataiona tena baada ya fundi kuondoka, yaani nguzo, misumari, tando za kuzuia maji na mianya ya kuyatolea nje. Kazi hiyo iliyofichika ndiyo inayochunguzwa hapa, na mahali pa kuichunguzia ni Njoro, ambako ukuta wa mbao na ukuta wa mawe vimekaa ujirani kwa zaidi ya miaka 100.

Nchi ya mawe na mbao

Njoro iko katika Kaunti ya Nakuru, kiasi cha kilomita 20 kusini-magharibi mwa jiji la Nakuru, kwenye mwinuko unaozidi mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, baina ya kreta ya Menengai upande wa kaskazini-mashariki na misitu ya Mau upande wa magharibi. Majirani hao wawili ndio walioipa vifaa vyake vya ujenzi. Milipuko ya volkano katika Bonde la Ufa iliacha matabaka mazito ya majivu, ambayo kwa muda mrefu yalishikamana na kugeuka jiwe jepesi linalochongeka kwa nyundo na tindo, na kutoka machimbo ya jiwe hilo wajenzi wa eneo hupata mawe ya kuta. Mau nayo ilitoa mtarakwa na podo, na baadaye, kadiri miti ya asili ilivyopungua, ikatoa saiprasi na paini kutoka mashamba ya miti yaliyoanzishwa na serikali ya kikoloni, ambayo yalilisha viwanda vya kupasua mbao katika miji ya Njoro, Elburgon na Molo.

Kutokana na utajiri huo, nyumba ya mbao yenye paa la mabati ni jambo la kawaida katika ukanda huu kuliko katika sehemu nyingi za Kenya. Baadhi ya nyumba hizo zimefunikwa kwa mbao zilizopigwa randa na kupandanishwa ili maji yateremke, na nyingine zimejengwa kwa vipande vya kando vya gogo, vile vinavyobaki na gome lake baada ya mashine kupasua mbao safi. Upande wa pili wa mizani liko kasri ambalo Bwana Maurice Egerton alilijenga huko Ngata, kati ya Njoro na Nakuru, kwa kazi iliyoanza mwaka 1938 na kukamilika mwaka 1954, na ambalo leo liko chini ya Chuo Kikuu cha Egerton, taasisi iliyoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo. Kasri hilo linawakilisha ujenzi ambao jiwe halivishwi ukuta, kwa sababu jiwe lenyewe ndilo ukuta: ni nene, hubeba paa na sakafu za juu, na uzito wake hushuka moja kwa moja hadi kwenye msingi.

Familia nyingi haziwezi kugharimia ujenzi wa namna hiyo, na hapo ndipo mawe ya kubandika yanapopata soko. Yapo mawe ya Mazeras, yaani mawe ya mchanga yanayochimbwa karibu na Mombasa na kusafirishwa zaidi ya kilomita 600 hadi Njoro. Yapo mawe bapa yanayoitwa galana, kwa jina la mto wa Pwani. Yapo pia mawe ya kutengenezwa, ambayo hufinyangwa kwa saruji, rangi na kokoto nyepesi. Yote hubandikwa bila taabu kubwa juu ya ukuta wa zege au wa mawe. Shida huanza pale mwenye nyumba ya mbao anapotaka sura hiyo hiyo, au anapojenga nyumba mpya ya fremu akiwa amekwisha kuchagua jiwe lakini hajamwambia seremala.

Hesabu ya uzito

Ukuta wa fremu ni ukuta wa mifupa. Nguzo nyembamba za mbao husimamishwa kwa nafasi sawa kati ya boriti ya chini, ambayo hulala juu ya msingi, na boriti ya juu, ambayo hupokea paa. Kisha mifupa hiyo hufunikwa kwa mbao au mabamba pande zote mbili. Ubora wake mkuu ni wepesi. Mbao za saiprasi zenye unene wa milimita 20 zina uzito wa takriban kilo 10 kwa kila mita ya mraba ya ukuta, na fundi wa kawaida hahitaji kufanya hesabu yoyote ili kujua kwamba fremu itazibeba.

Mambo hubadilika jiwe linapoingia. Jiwe la mchanga huwa na uzito wa karibu kilo 2,300 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo kipande chenye unene wa milimita 20 huongeza kilo 46 kwa kila mita ya mraba. Saruji ya kubandikia yenye unene wa milimita 10 huongeza kilo 20, na plasta ya chini yenye unene wa milimita 15 huongeza kilo 30 nyingine, hivyo jumla hukaribia kilo 100 kwa mita ya mraba, ambayo ni mara 10 ya uzito wa mbao zilizokuwapo. Ukuta mmoja wa mbele wenye urefu wa mita 6 na kimo cha mita 2.7, baada ya kuondoa mlango na madirisha, hubakiwa na mita za mraba kama 13, maana yake ni kwamba fremu iliyobeba kilo 130 sasa inatakiwa kubeba kilo 1,300.

Kanuni za ujenzi za Marekani, ambako nyumba za fremu ni nyingi mno na makosa yake yamechunguzwa kwa muda mrefu, zimeweka mipaka kwa mawe yanayoshikiliwa na saruji peke yake. Uzito wa jiwe hautakiwi kuzidi takriban kilo 73 kwa mita ya mraba, unene wake hauruhusiwi kupita milimita 67, na upande mrefu wa kipande kimoja haupaswi kuzidi sentimita 91. Kwa kipimo hicho, jiwe la mchanga lenye unene wa milimita 30 limekwisha kukaribia kikomo, na lile la milimita 40 limekivuka. Jiwe linalozidi hapo haliachiwi saruji peke yake: hukalishwa juu ya ukingo wa msingi uliojengwa mahususi kwa ajili yake, na hufungwa kwenye nguzo kwa vishikizo vya chuma kisichoshika kutu, ili uzito ushuke ardhini badala ya kuning'inia kwenye mbao.

Jiwe jepesi la majivu ya volkano laweza kuonekana kuwa jibu la tatizo hili, na kweli wepesi wake ni msaada, lakini vitundu vilivyomo ndani yake hunywa maji kwa wingi, na jiwe lililolowa kwa mvua za wiki nzima huwa zito kuliko lilivyokuwa dukani. Hesabu sahihi, kwa hiyo, ni ile ya jiwe lililoloa.

Mbao zinazofaa kubeba jiwe

Uzito peke yake hauivunji fremu iliyojengwa vizuri, kwa maana nguzo za mbao zilizosimama wima zina nguvu kubwa. Jambo linaloyaharibu mawe ni mwendo wa mbao. Mbao mbichi hupungua upana kadiri inavyokauka, hujikunja, na mara nyingine hujisokota, ilhali jiwe na saruji hubaki vilevile. Vitu viwili vilivyoshikamana vikienda kila kimoja kivyake, kile kisichopindika ndicho hupasuka. Kwa sababu hiyo wahandisi hutaka mbao za fremu ziwe zimekauka hadi unyevu ulio chini ya asilimia 19 ya uzito wa mbao kavu kabla ya kufunikwa, na kipimo hicho huweza kuthibitishwa kwa kifaa kidogo chenye sindano mbili zinazodungwa kwenye mbao.

Katika Njoro sharti hilo ni zito kuliko linavyosikika. Mwezi Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, marufuku ambayo Rais William Ruto alitangaza mwezi Julai 2023, akiwa Molo, kwamba imeondolewa. Katika miaka hiyo wapasuaji mbao walitegemea zaidi miti ya mashamba ya watu binafsi na mbao kutoka nchi jirani, na mti wa shambani mara nyingi hukatwa mapema kwa kuwa mwenyewe ana haja ya fedha. Mbao ya mti mchanga ina sehemu kubwa ya kiini ambacho hakijakomaa, na sehemu hiyo ndiyo hujikunja zaidi inapokauka. Mnunuzi anayekusudia kubandika mawe hana budi kuchagua mbao zilizonyooka, zisizo na vifundo vikubwa, kisha kuzipanga kwa vijiti vya kutenganisha chini ya kivuli chenye upepo hadi zikauke, jambo linaloweza kuchukua miezi kadhaa kwa mbao nene, au kununua zilizokaushwa kiwandani kwa bei ya juu.

Ukubwa na nafasi za nguzo hufuata baada ya hapo. Mafundi wengi hutumia mbao za inchi nne kwa mbili, yaani takriban milimita 100 kwa 50, na huziweka mbalimbali ili kuokoa gharama. Fremu ya kubeba jiwe hutaka nguzo zisizidi milimita 400 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine, na pale ukuta unapozidi kimo cha kawaida au upepo unapokuwa mkali, hutaka mbao za inchi sita kwa mbili. Sababu yake ni kupinda. Upepo unapousukuma ukuta, nguzo hupinda kidogo katikati, na wahandisi hupima kupinda huko kwa kulinganisha na kimo cha ukuta: kwa ukuta wenye plasta ya saruji, kikomo cha kawaida ni sehemu moja ya 360 ya kimo, na kwa jiwe au kigae kigumu wengi hudai sehemu moja ya 600. Kwa nguzo ya mita 2.7, kikomo cha kwanza ni milimita 7.5 na cha pili ni milimita 4.5. Ukuta wa mbao tupu huweza kupinda zaidi ya hapo bila mtu kutambua, lakini jiwe litatambua, na alama yake itakuwa ufa mwembamba unaofuata maungio.

Juu ya madirisha na milango huwekwa boriti nzito zaidi, kwa kuwa hapo hakuna nguzo za kupokea mzigo, na kila upande wa tundu huongezwa nguzo ya pili. Mbao za mshazari, au mabamba ya plaiwudi yaliyopigiliwa kwenye uso mzima wa fremu, huuzuia ukuta usilale upande. Plaiwudi hiyo inapaswa kuwa ile iliyogandishwa kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji, yenye unene wa milimita 12 au zaidi, na badala yake huweza kutumika mabamba ya saruji yenye nyuzi, ambayo hayaozi.

Msingi na ardhi ya majivu

Nyumba nyingi za mbao za zamani zimesimama juu ya vigingi vya mawe au zege, huku hewa ikipita chini ya sakafu. Vigingi hivyo huifaa nyumba nyepesi, lakini ukuta uliopewa mara 10 ya mzigo wake wa mwanzo huweza kuvizamisha, hasa kwa kuwa udongo wa Njoro umetokana na majivu ya volkano, ambayo hulainika na kuchukuliwa na maji yanapopewa njia. Nyufa zilizofunguka ardhini karibu na Mai Mahiu na Suswa mwezi Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ziliwaonyesha Wakenya jinsi maji yanavyoweza kuyachimba majivu yaliyojaza mipasuko ya Bonde la Ufa. Kwa hiyo ukuta wa mawe ya kubandika hutaka msingi wa zege unaokwenda mfululizo chini ya ukuta wote, uliofika kwenye ardhi ngumu, pamoja na mfereji wa kuyapeleka mbali maji ya paa. Anayetaka kuivisha mawe nyumba ya zamani iliyo juu ya vigingi hana budi kuanza chini, na kama hawezi, ni afadhali asianze.

Njia ya maji

Wengi hudhani kwamba jiwe huzuia maji. Ukweli ni kwamba jiwe, saruji na maungio yake vyote hupitisha unyevu, hata kama ni polepole, na mvua inayosukumwa na upepo hupenya nyuma ya mawe katika kila ukuta wa namna hii. Njoro hupata mvua zipatazo milimita 1,000 kwa mwaka, usiku wake ni wa baridi, na umande hukawia kukauka upande usiopigwa na jua. Kwa hiyo mbao zilizofungiwa nyuma ya saruji, bila nafasi ya kukaukia, hupata mazingira yanayowafaa kuvu na mchwa.

Gharama ya kulisahau jambo hili ilionekana wazi katika jimbo la British Columbia, nchini Kanada, ambako majengo mengi ya fremu za mbao ya miaka ya 1980 na 1990 yalifunikwa kwa plasta ya saruji bila mwanya wa kutolea maji. Maji yaliingia kwenye pembe za madirisha, yakakosa pa kutokea, na fremu zikaoza ndani kwa ndani huku nje kukionekana safi, hadi serikali ya jimbo ikaunda tume ya uchunguzi chini ya Dave Barrett mwaka 1998. Somo lililopatikana huko ni kwamba ukuta haujengwi kwa imani kwamba maji hayataingia. Hujengwa ili maji yatakayoingia yapate njia ya kutoka.

Njia hiyo huandaliwa kwa hatua. Kwanza, juu ya plaiwudi hutandazwa tabaka mbili za utando wa kuzuia maji, kama vile karatasi ya lami, kuanzia chini kwenda juu ili ukanda wa juu uupande wa chini, sawa na mabati ya paa yanavyopandana. Tabaka ya ndani huilinda mbao, na ya nje huzuia saruji isishikamane na ile ya ndani, hivyo hubaki upenyo mwembamba ambamo maji huteremka. Katika sehemu zenye mvua nyingi ni bora zaidi upenyo huo kupanuliwa kwa vijiti vilivyotibiwa dawa au kwa wavu wa plastiki. Pili, juu ya kila dirisha na mlango, na pale paa la baraza linapogusa ukuta, huwekwa bati lililokunjwa la kuyaelekeza maji nje, na sehemu yake ya juu huingizwa chini ya utando. Tatu, chini kabisa ya ukuta huwekwa ukingo wa chuma wenye matundu, ambao maji hutokea. Ukingo huo hukaa angalau milimita 100 juu ya udongo, au milimita 50 juu ya sakafu ya zege, na mawe hayaruhusiwi kushuka chini yake. Mtindo wa kuteremsha mawe hadi kwenye nyasi hupendeza machoni, lakini huziba matundu, hunyonya maji ya ardhini na kumpa mchwa njia ya siri.

Wavu, plasta na jiwe

Juu ya utando huja wavu wa chuma, nao ndio kiungo halisi kati ya jiwe na fremu. Wavu mwembamba wa banda la kuku, au ule wa kukaushia kahawa, ambao hupatikana kwa urahisi, haukutengenezwa kwa mzigo huu. Unaofaa ni wavu mzito wa chuma kilichopakwa zinki, wenye vijibonde vinavyoacha nyuma yake nafasi ili saruji iuzunguke pande zote. Misumari yake hupigwa kwenye nguzo, si kwenye plaiwudi peke yake, kwa nafasi ya milimita 150, na huzama ndani ya nguzo angalau milimita 25.

Hesabu ndogo hudhihirisha kwa nini nafasi hizo ni muhimu. Nguzo zikiwa kila milimita 400 na misumari kila milimita 150, mita moja ya mraba hupata misumari kama 17, na kila mmoja hubeba takriban kilo 6. Fundi akiweka nguzo kila milimita 600 na misumari kila milimita 300, mita hiyo hiyo hubaki na misumari isiyofika 6, na kila mmoja hubebeshwa kilo 18 kwa miaka yote ya nyumba. Misumari yenyewe lazima iwe imepakwa zinki kwa kuchovywa au iwe ya chuma kisichoshika kutu, maana kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo na hivyo huisukuma saruji itoke, na dawa za mbao zenye shaba huila misumari ya kawaida upesi zaidi.

Plasta ya kwanza hukandikwa hadi kuufunika wavu, kisha huchanwa kwa mistari ya ulalo ikiwa bado mbichi ili tabaka inayofuata ipate pa kushika, na hulowanishwa kwa siku kadhaa ili isikaushwe na jua kali na upepo wa nyanda za juu kabla haijakomaa. Kila jiwe husafishwa vumbi kwa brashi, hulowanishwa kidogo ili lisinyonye maji ya saruji, hupakwa saruji mgongoni kote bila kuacha mifuko ya hewa, na husukumwa huku likitikiswa hadi saruji itokeze pembeni. Jiwe lililopakwa donge moja katikati hushika siku hiyo, lakini nyuma yake hubaki uwazi ambao maji hukaa. Mkaguzi huligundua kwa kuligonga taratibu na kusikiliza mlio wa utupu. Kwa kuta pana, uso wa plasta hugawanywa kwa mianya iliyojazwa mpira wa silikoni, ili kila sehemu isizidi mita za mraba 13 hivi, na mianya hiyo huwekwa pia pale fremu ya mbao inapokutana na ukuta wa mawe, kwa kuwa viwili hivyo havitanuki wala kusinyaa kwa kiasi kimoja.

Ardhi inayotikisika

Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la ardhi lenye ukubwa unaokadiriwa kuwa 6.9 lilitokea Subukia, eneo ambalo leo limo ndani ya Kaunti ya Nakuru, nalo ni miongoni mwa matetemeko makubwa zaidi yaliyowahi kurekodiwa nchini Kenya. Nguvu ambayo tetemeko huiletea nyumba hukua pamoja na uzito wa nyumba: ukuta ulioongezewa tani moja ya mawe husukumwa kwa nguvu kubwa kuliko ukuta wa mbao tupu. Nyumba za fremu husifiwa kwa kustahimili mitikisiko kwa sababu ni nyepesi na hunyumbuka, na kila jiwe linalobandikwa hupunguza sehemu ya sifa hiyo. Mbao za mshazari, vyuma vya kuifunga boriti ya chini kwenye msingi, na uangalifu wa kutobandika mawe mazito juu ya milango, ambako watu hukimbilia kutoka, ni mambo ya lazima katika Bonde la Ufa.

Ukuta wa mawe ya machimbo

Kwa mjenzi wa Njoro ambaye bado hajaanza, ipo njia fupi. Ukuta wa mawe ya machimbo wenye unene wa milimita 150 hadi 200, uliofungwa kwa mkanda wa chuma kila baada ya safu mbili na kwa mkanda wa zege juu ya madirisha, hupokea mawe ya kubandika bila wavu wala utando, mradi uso wake uwe mkavu, imara na wenye mikwaruzo ya kutosha kushika saruji. Ukuta uliopakwa rangi lazima ukwanguliwe hadi kwenye jiwe, na ule uliopigwa plasta dhaifu lazima uvuliwe plasta hiyo, kwa kuwa jiwe hushika tu kama kile kilichoshikwa nacho kimeshika. Lakini hapo swali jingine huzuka lenyewe: jiwe la machimbo la eneo hili, likichongwa vizuri na maungio yake yakatiwa mistari safi, tayari ni uso wa jiwe halisi, na mwenye nyumba huweza kupata urembo anaoutafuta bila kuubebesha ukuta mzigo wa pili.

Sheria na ushauri

Kenya ina vyombo vya kusimamia kazi hizi. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, husajili wakandarasi na mafundi. Serikali ya kaunti huidhinisha michoro. Na Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024 zimechukua nafasi ya zile za 1968, ambazo zilitungwa katika zama tofauti kabisa za vifaa na mitindo. Kubadilisha vazi la ukuta kwa kiwango kinachoongeza tani za uzito si kazi ya kupaka rangi, na mhandisi aliyesajiliwa anapaswa kuitazama fremu kabla ya mawe kununuliwa. Ada yake ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kubomoa ukuta uliooza.

Mwenye nyumba anaweza kuuliza maswali machache ambayo fundi makini hatayachukia: mawe haya yana kilo ngapi kwa mita ya mraba yakiloa, nguzo ziko mbalimbali kiasi gani, mbao zimekauka kwa kipimo gani, wavu utapigiliwa wapi na kwa misumari gani, na maji yatakayoingia yatatokea wapi. Jibu la swali la mwisho likikosekana, kazi isianze.

Bajeti isipotosha, busara ni kuyaacha mawe yaishie kwenye kitako cha zege chini ya madirisha, ambako uzito hukaa juu ya msingi, na sehemu ya juu ikafunikwa kwa mbao za saiprasi zilizopigwa randa na kutiwa mafuta ya kuzuia maji. Nyumba ya namna hiyo haina aibu yoyote. Mau imeipa Njoro nyumba za mbao nzuri kwa vizazi kadhaa. Anayechagua jiwe naye atangulize fedha zake kwenye msingi, kwenye fremu na kwenye njia ya maji, kisha anunue mawe kwa kile kitakachobaki.